Bawa la Kidole Kimoja: Rai Juu ya Kuchora na Kuainisha Reptilia Warukao wa Kale

Katika somo la sayansi la skuli za msingi ni mada chache zipendwazo na watoto kama ile ya wanyama wa kale waliokwisha kutoweka, na ni mada chache ambazo sisi walimu huzifundisha kwa uzembe kama hiyo. Sababu yake ni dhahiri. Mnyama mwenyewe hayupo. Hawezi kuletwa darasani ndani ya kikapu kama kuku au chura. Hivyo mwalimu hutegemea picha, na picha yenyewe ameikuta katika kitabu ambacho hajui mchoraji wake aliitoa wapi. Huichukua kama ilivyo akaihamishia ubaoni, na wanafunzi wakaihamishia madaftarini. Tangu hapo ile picha huwa ni ukweli usioulizwa.

Makusudio ya makala haya ni kuzungumzia kundi moja tu la wanyama hao, nalo ni lile la reptilia warukao ambao wataalamu huwaita terosauri. Rai yangu ni kwamba mwalimu asimwainishe mnyama huyu kwa jina, wala kwa umbo la jumla, bali kwa mifupa ya bawa lake. Na kwamba anapomchora aonyeshe wazi mfupa unaishia wapi na dhana inaanzia wapi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha darasa la tano katika skuli moja ya hapa Makunduchi. Siku moja nilichora ubaoni mnyama mwenye mdomo mrefu na mabawa yaliyokunjuliwa kama ya mwewe, na katikati ya kila bawa nikaweka kucha tatu kama nilivyoziona kitabuni. Chini yake nikaandika: Ndege wa Kale. Wanafunzi wakaamriwa wanakili. Nilipokuwa nikisahihisha nikakuta mtoto mmoja wa kike hakunakili mchoro wangu. Alichora mkono wenye vidole virefu, na baina ya vidole akatandaza ngozi kama ya mwamvuli. Nikamtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikamwambia kuwa sikumwagiza achore popo.

Yule mtoto akasimama kwa adabu akasema, "Samahani, Mwalimu. Kaka yangu aliokota popo amekufa pangoni, nikamtazama bawa lake. Ni mkono. Huyu wako ana kucha katikati ya bawa. Kama hana vidole, kucha zimeota juu ya nini?"

Nilimwambia akae. Sikuwa na jibu, na sikuwa na ujasiri wa kusema kuwa sina. Baadaye sana, nilipopata kusoma habari za wanyama hawa kwa makini, nilitambua kwamba mtoto yule alikuwa karibu na ukweli kuliko mwalimu wake. Naye hakuwa sahihi moja kwa moja, kwa maana terosauri si popo. Lakini yeye aliuliza juu ya mifupa, ilhali mimi niliuliza juu ya jina.

Na jina katika jambo hili ni mtego. Lugha yetu humwita ndege kila kirukacho chenye mabawa mapana. Hata chombo kinachotua uwanjani Kisauni tunakiita ndege. Kwa matumizi ya kila siku hakuna ubaya wowote. Ubaya huingia pale mwalimu anapodhani kuwa neno la mazungumzo ni jamii ya kisayansi. Kadhalika na neno mjusi. Yule mnyama mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake imesimamishwa katika jumba la makumbusho huko Berlin tangu mwaka 1937, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, watu wa nchi yetu wamezoea kumwita mjusi. Yeye si mjusi. Ni dinosaria, na mjusi tumwonaye ukutani ni wa tawi jingine kabisa. Basi mwanafunzi aliyekwisha kuzoea mjusi wa Tendaguru, akionyeshwa terosauri, atamwita mjusi arukaye. Mwenzake atamwita ndege. Wa tatu atamwita popo. Wote watatu wameainisha kabla ya kutazama.

Tutazame, basi. Mabawa ya wanyama wenye uti wa mgongo ni mikono iliyogeuzwa, na mikono hiyo imegeuzwa kwa njia tatu zilizo mbalimbali. Mwanachuo asihangaike kutafuta zana ghali za kulifundisha jambo hili, kwa kuwa zana bora anayo kila mtoto: mkono wake wenye vidole vitano.

Ndege amepoteza baadhi ya vidole, na vilivyosalia vimeungana na kuwa kigutu kifupi. Kinachompeleka angani ni manyoya yaliyopandwa juu ya mkono wa mbele na juu ya kigutu hicho. Mwambie mtoto akunje ngumi, kisha umfungie makuti mabichi tangu kiwiko mpaka ngumini. Huyo ndiye ndege. Popo hakupoteza kidole hata kimoja. Kidole gumba kimebaki huru na kina kucha ya kupandia. Vinne vilivyobaki vimerefuka kupita kiasi, na ngozi imetandwa baina yao. Mfungie mtoto wa pili njukuti nne katika vidole vinne, utandaze juu yake kipande cha kitambaa chepesi. Huyo ndiye popo.

Wa tatu ndiye tuliyemkusudia. Mtoto akunje kidole cha mwisho kabisa, maana terosauri hana. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vibaki huru, vifupi, vyenye kucha. Kisha chukua ufito mrefu kuliko mkono mzima wa mtoto uufunge katika kidole cha pete, na tangu ncha ya ufito mpaka mguuni shikiza kanga. Bawa zima limetundikwa juu ya kidole kimoja! Darasa litacheka, na liachwe licheke. Lakini hakuna mtoto atakayesahau. Hapo ndipo swali la yule mwanafunzi wangu linapojibika: zile kucha tatu zimeota juu ya vidole vitatu vilivyobaki huru, na bawa linaanzia kwenye kidole cha nne, si mahali pengine.

Mtoto aliyekwisha kuona mikono mitatu hii haitaji kukaririshwa uainishaji. Popo ana nywele na hunyonyesha, ni mamalia, na bawa lake ni la namna yake. Ndege ana manyoya; na wataalamu wa leo wamethibitisha kuwa ndege ni kizazi kilichosalia cha dinosaria wenyewe. Terosauri ni ndugu wa dinosaria, lakini si dinosaria, na hakuacha kizazi. Walitoweka wote miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Matokeo yake ni ya ajabu, nami hupenda kuyatumia kuliamsha darasa lililosinzia saa saba za mchana: kuku anayeparura uani kwetu ana udugu wa karibu zaidi na lile jitu la Tendaguru kuliko terosauri aliyeruka juu ya kichwa chake.

Huenda mwanachuo akasema kuwa haya yanahitaji utaalamu mkubwa, na kwamba makosa ya watoto ni ya kitoto. La hasha. Makosa hayo hayo waliyafanya mabingwa, tena wakiwa na jiwe lile lile mbele yao. Kisukuku cha kwanza cha terosauri kilichoelezwa kitaalamu kilitoka katika mawe ya Solnhofen, kusini mwa Ujerumani, na aliyekieleza mwaka 1784 ni Cosimo Alessandro Collini, mtunzaji wa hazina ya vitu vya asili huko Mannheim. Yeye aliuona ule mkono mrefu akadhani huenda mnyama huyo alikaa baharini. Mwaka 1800 Johann Hermann wa Strasbourg akamchora akiwa na ngozi ya bawa, akamhesabu kuwa mamalia. Mwaka uliofuata Georges Cuvier wa Paris, kwa kuichunguza michoro tu bila ya kulishika jiwe, akatambua kuwa ni reptilia arukaye. Na mwaka 1809 akampa jina lenye maana ya kidole-bawa. Ungedhani mjadala ulikwisha hapo. Hata hivyo Samuel Thomas von Soemmerring mwaka 1812 akamweka karibu na popo; Johann Wagler mwaka 1830 akamrudisha majini, akidai kuwa mabawa yale yalikuwa makasia ya kuogelea; na mwaka 1843 Edward Newman akamchora na manyoya mwili mzima na masikio yaliyosimama, kama popo wa ajabu.

Kila mmoja wa mabwana hawa alichora kile alichokwisha kukiamini. Mchoro ukafuata jamii, badala ya jamii kuufuata mchoro. Nadhani hilo ndilo lililonipata mimi na kile kichwa changu cha habari cha Ndege wa Kale.

Kosa la kinyume nalo limepata kutokea, na mimi hulisimulia kila mwaka. Katika jumba la Teylers huko Haarlem, Uholanzi, kulikuwa na kisukuku kilichoandikwa mwaka 1857 kuwa ni terosauri. Kikakaa na kibandiko hicho kwa zaidi ya miaka mia, wageni wakipita wakikitazama, mpaka mwaka 1970 John Ostrom wa Marekani alipokichungulia kwa mwanga wa ubavuni akaona alama hafifu za manyoya ya mabawa. Hakikuwa terosauri. Kilikuwa ni mnyama wa ukoo wa ndege wa mwanzo. Kibandiko kilikuwa kimewatosheleza watu.

Sasa nirejee nyumbani. Mwanachuo asidhani kuwa terosauri ni habari za Ulaya. Kilima cha Tendaguru kipo katika mkoa wa Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu toka bandarini, na mawe yake yana umri wa miaka ipatayo milioni 150. Mwaka 1906 mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler aliiona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini. Na tangu 1909 mpaka 1913 msafara wa Wajerumani, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig na baadaye Hans Reck, ulichimba hapo. Lakini waliochimba hasa, wakafunika mifupa kwa udongo na plasta, wakaibeba vichwani na mabegani mpaka Lindi, walikuwa ni wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao aliyesifika ni Boheti bin Amrani. Jina hili lifundishwe. Mtoto wa Kitanzania anayejifunza habari za Tendaguru bila ya kulisikia hupata nusu ya somo.

Baina ya zile tani zaidi ya 200 za mifupa ya majitu, ilikuwamo pia mifupa michache midogo, miembamba, iliyo tupu ndani kama bua la mtama. Ndiyo mifupa ya terosauri. Reck aliitolea maelezo mwaka 1931 akatoa majina kadhaa, yakiwamo yale ya aina zilizojulikana Solnhofen. Mwaka 1980 Peter Galton akaeleza mifupa ya miundi ya Tendaguru iliyofanana mno na ya ndege, akaonyesha kuwa nayo ni ya terosauri. Mwaka 1999 David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich wakaipitia upya mifupa yote. Baadhi ya majina ya Reck wakayaona hayana msingi wa kutosha, na kipande kimoja wakakipa jina jipya la Tendaguripterus recki, kwa heshima ya kilima na ya mchimbaji wake.

Na kipande hicho ni nini? Ni sehemu ya taya la chini, pamoja na meno yake machache. Basi. Hakuna bawa, hakuna mguu, hakuna fuvu.

Nakuomba, Ndugu mwanachuo, ulitafakari jambo hilo kabla ya kushika chaki. Ukimchora Tendaguripterus mzima, ana macho, ana mabawa, ana rangi ya samawati, akiruka juu ya minazi, umechora kitu ambacho sehemu kubwa yake imetoka katika jamaa zake wa nchi nyingine na sehemu nyingine imetoka kichwani mwako. Sisemi kuwa usimchore. Mtoto hawezi kulipenda taya. Nasema uchore kwa mistari miwili iliyo mbalimbali. Mfupa uliopatikana uuchore kwa mstari mzito usiokatika. Kile kilichokisiwa kwa kulinganisha na jamaa zake ukichore kwa mstari wa vitone. Kile ambacho ni pambo lako, kama rangi ya ngozi, usikichore kabisa, au ukiri mbele ya darasa kuwa ni pambo.

Mistari ya vitone nayo si ya kupuuzwa, maana ndani yake ndimo sayansi inamoendelea kufanyika. Chukua ukingo wa nyuma wa bawa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ngozi iliishia nyongani, pajani au karibu na kifundo cha mguu. Wengi wao sasa huipeleka mpaka mguuni, na ndiyo sababu ile kanga yetu tuliishikiza hapo. Au chukua ngozi ya mwili. Zamani wachoraji waliijaza magamba, kwa hoja kwamba reptilia lazima awe na magamba. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kirusi, A. G. Sharov, akaeleza kisukuku kutoka Kazakhstan ambacho mwili wake ulikuwa na vinyuzi mfano wa nywele. Bwana Newman, tuliyemcheka kwa manyoya yake, hakukosea kila kitu! Na kuhusu kutembea, vitabu vya zamani humning'iniza terosauri kichwa chini kama popo. Nyayo zilizobaki katika mawe zinaonyesha kuwa wengi wao walitembea ardhini kwa miguu na mikono. Mwalimu aliyechora kwa vitone hubadilisha mchoro wake bila ya aibu.

Nasikia pingamizi kutoka kwa baadhi ya walimu wenzangu, na ni pingamizi la haki. Wanasema: muda wa kipindi ni mfupi, darasa lina watoto wengi, na mtihani hauulizi mstari wa vitone, mtihani huuliza jina na jamii. Ni kweli. Lakini nimekwisha kujaribu njia zote mbili. Darasa lililokariri jina hujibu jina, na likiletewa mnyama wasiyemjua hunyamaza. Darasa lililofunga ufito mkononi, likiletewa mnyama asiyejulikana, huanza na kuuliza, "Bawa lake limeshikwa na vidole vingapi?" Sioni jinsi gani swali hilo lingelipunguzia darasa alama.

Wengine husema kuwa mambo haya yako mbali na maisha ya mtoto wa kusini mwa Unguja. Hapa sikubaliani nao hata kidogo, ingawa lazima tuwe wakweli: mtoto asichimbe maweni ya Makunduchi akitaraji terosauri. Jiwe letu ni matumbawe ya kale, umri wake huhesabiwa kwa malaki ya miaka, si kwa mamilioni mia. Ila ndani ya jiwe hilo hilo, hata katika kuta za nyumba zetu, mmejaa kome na matumbawe yaliyogeuka mawe, na mwalimu anaweza kulitoa darasa nje likavichora kwa mstari mzito usiokatika. Tena si mbali, upande wa Jambiani, lipo pango la Kuumbi, ambamo wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa na meno ya punda milia na kuro, wanyama ambao hakuna mzee wa kisiwa hiki aliyepata kuwaona wakichunga hapa. Waliishi wakati kina cha bahari kilipokuwa chini na Unguja ikiwa imeungana na bara. Wamejulikana kwa meno na vipande, kama Tendaguripterus alivyojulikana kwa taya. Na mtoto anayetaka kuona bawa kubwa la ngozi aambiwe habari za popo wa Pemba, wa Kidike na kwingineko, ambaye upana wa mabawa yake hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Kisha ahesabu vidole.

Namna nifanyavyo siku hizi ni hii. Kipindi cha kwanza ni cha mikono mitatu, na hakuna jina linaloandikwa ubaoni. Kipindi cha pili nachora terosauri kwa vitone vitupu ubao mzima, tangu ncha ya mdomo mpaka kifundo cha mguu, wanafunzi wakiniambia ufito upite wapi na kucha zikae wapi. Kisha nachukua chaki, na pale penye taya la chini nazitia uzito nukta chache tu, urefu wa kidole changu. Nawaambia: hiki ndicho kilichotoka Tendaguru.

Mara ya kwanza kufanya hivyo, mvulana wa dawati la nyuma alinyosha mkono akauliza kama anakili yote au hicho kidogo tu. Nikamwambia anakili yote, lakini akichonge vizuri kalamu yake kabla ya kufika kwenye vitone, maana vilikuwa vingi.